Damu kuganda mguuni: lini na vipi urudi kwenye mbio

Miaka ya karibuni mbio za barabarani zimeacha kuwa shughuli ya wanariadha peke yao. Vikundi vya jogingi vipo karibu kila mji, mbio za hisani huandaliwa mwaka mzima, na Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu 2003, huwakusanya walimu, madereva, wahasibu na wastaafu. Kwa hiyo swali lililokuwa la wachache sasa linawahusu wengi: ukishaambiwa damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, je, mbio ndiyo basi tena?

Kwa walio wengi jibu ni hapana. Unaweza kurudi. Lakini watu huangukia kwenye makosa mawili. Wengine huacha mazoezi kabisa kwa hofu, na mguu hubaki mzito na wenye kuvimba. Wengine hukatisha dawa mara maumivu yanapoisha, wakaanza kukimbia kana kwamba wamepona. Kosa la pili linaweza kuua.

Nini kinatokea ndani ya mguu

Donge la damu likikaa kwenye mshipa mkubwa wa ndani wa kigimbi, paja au nyonga, huziba njia ya damu inayorudi kwenye moyo. Mara nyingi mguu mmoja huvimba, huuma, hupata joto na wakati mwingine hubadilika rangi. Hatari kubwa ni kipande cha donge kumeguka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu.

Wakimbiaji huchelewa kugundulika kwa sababu maumivu ya kigimbi kwao ni jambo la kawaida. Hudhani ni msuli, wakachuliwa kwa mafuta na kufunga bandeji. Kumbuka hili: kigimbi kinachouma pamoja na uvimbe wa mguu mmoja kinahitaji daktari na kipimo cha altrasaundi. Usikichue.

Dawa unazopewa watu huziita "dawa za kuyeyusha damu", na jina hilo linapotosha. Haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue na kuzuia mengine yasitokee, huku mwili wenyewe ukiliondoa taratibu kwa wiki na miezi. Ndiyo maana kuisha kwa maumivu si ushahidi kwamba donge limekwisha.

Ushauri wa kitabibu umebadilika

Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani siku kadhaa, mguu ukiwa juu ya mto, kwa hofu kwamba akitembea donge litameguka. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliolala na waliotembea hazikuonyesha kwamba kutembea mapema, dawa ikiwa imeanza kufanya kazi, kunaongeza hatari hiyo. Leo miongozo inapendelea mgonjwa atembee mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, isipokuwa daktari awe na sababu ya kumzuia.

Kutembea kuna faida ya ziada. Misuli ya kigimbi ni kama pampu: kila hatua husukuma damu kuelekea juu. Mtu 1 kati ya 5, na katika baadhi ya tafiti hadi nusu ya wagonjwa, hubaki na tatizo la muda mrefu baada ya donge: mguu kuvimba jioni, kuwa mzito, kuwasha, na kwa wachache kupata vidonda. Kwa wenye tatizo hilo, mazoezi yaliyopangwa vizuri ni sehemu ya matibabu.

Soksi za kubana nazo zimepoteza hadhi ya zamani. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2014 haukuona kwamba zinazuia tatizo hilo kutokea. Zikikupunguzia uvimbe, zivae. Ila zisichukue nafasi ya dawa.

Habari za wachezaji zisikuharakishe

Machi 2025 mchezaji wa mpira wa kikapu Damian Lillard wa Marekani alitangazwa kuwa na donge kwenye kigimbi cha kulia. Mwezi uliofuata alikuwa uwanjani. Mwezi mmoja kabla yake, Victor Wembanyama wa Ufaransa alipatikana na donge begani. Yeye alikosa sehemu yote iliyobaki ya msimu na akaruhusiwa kurudi Julai.

Wote wawili ni vijana wenye afya na madaktari wa klabu, lakini mmoja alikaa nje wiki chache na mwingine miezi. Tofauti hutokana na mahali donge lilipokaa, chanzo chake, na vipimo vilionyesha nini. Lillard aliruhusiwa baada ya vipimo vya mara kwa mara, si kwa kuhesabu siku. Ukisoma habari kama hizi, jiulize kwanza kama una ufuatiliaji wa aina ile. Kama huna, chukua muda mrefu zaidi.

Kikwazo chetu mara nyingi ni dawa

Tiba ya kawaida huchukua angalau miezi 3. Donge lililotokana na sababu ya kupita, kama upasuaji au mguu kufungwa plasta, mara nyingi hutibiwa kwa muda huo. Lililotokea bila sababu inayojulikana huweza kuhitaji dawa kwa muda mrefu zaidi, hata miaka.

Kwa miongo mingi dawa ilikuwa warfarin. Bei yake ni ndogo, lakini inadai kupima damu mara kwa mara ili kipimo cha INR kibaki kati ya 2 na 3. Kwa mtu anayeishi mbali na maabara, nauli na siku ya kazi inayopotea huzidi bei ya vidonge. Dawa mpya kama rivaroxaban na apixaban hazihitaji kipimo hicho, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo kuwemo kwenye orodha hakuhakikishi kwamba dawa ipo kwenye duka la dawa la wilayani, wala kwamba bima yako inailipia.

Hapa ndipo uamuzi wa kukimbia unapogusa mfuko. Dawa mpya hutoka mwilini haraka, na kuruka dozi za siku mbili tu kunakuacha bila kinga. Kabla ya kununua viatu vipya au kulipia namba ya mbio, hakikisha dawa ya mwezi mzima iko mkononi. Ukiona fedha zinaisha, rudi kwa daktari umwambie waziwazi. Kubadilishiwa dawa ni salama kuliko kuikatisha au kugawanya vidonge.

Mweleze pia dawa nyingine zote unazotumia. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa hizi, baadhi ya dawa za kufubaza VVU hupandisha au kushusha kiwango chake, na dawa za mitishamba nazo zinaweza kuingiliana nazo. Kama una ujauzito au unapanga kuupata, sema mapema: warfarin na vidonge hivi vipya kwa kawaida havitumiki, na mama hupewa sindano.

Kurudi hatua kwa hatua

Hakuna ratiba moja inayomfaa kila mtu. Ufuatao ni mpangilio wa kujadili na daktari wako; yeye ndiye atakayesema uanze lini.

1. Tembea. Anza na matembezi mafupi mara kadhaa kwa siku, kisha ongeza hadi dakika 30 mfululizo.
2. Tembea kwa kasi, au endesha baiskeli ya mazoezi, au ogelea. Mapigo ya moyo yapande, lakini uweze bado kuzungumza sentensi nzima.
3. Pishanisha. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara kadhaa, kwenye njia tambarare, siku moja ndiyo na moja hapana.
4. Kimbia mfululizo, polepole. Ongeza umbali kwanza. Kasi na vilima viwe vya mwisho.

Usipande hatua mpaka ile uliyopo uimalize bila maumivu mapya wala uvimbe kuongezeka kesho yake. Njia rahisi ya kujichunguza ni futi ya fundi cherehani. Pima vigimbi vyote viwili mahali palepale, asubuhi, na uandike. Tofauti inayokua ni habari ya kumpelekea daktari, na tofauti inayofika sm 3 ni mojawapo ya alama anazozitazama anapotafuta donge. Kama donge lilifika mapafuni, safari ya kurudi ni ndefu zaidi, na usianze hatua ya 3 bila kuchunguzwa moyo na pumzi.

Mambo matatu yanayosahaulika

*Kutokwa damu.* Ukiwa kwenye dawa hizi, kuanguka barabarani si jambo dogo. Epuka giza na njia zenye mashimo, na beba kadi inayotaja dawa unayotumia. Ukigonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri.

*Dawa za maumivu.* Diclofenac, ibuprofen na aspirini ni dawa za kwanza ambazo wakimbiaji wengi hununua. Zikichanganywa na dawa yako, hatari ya kutokwa damu tumboni hupanda. Uliza kuhusu paracetamol.

*Safari.* Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 ulionyesha kwamba kukaa bila kujongea safarini kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari ya donge karibu mara mbili, iwe kwa ndege, treni au basi. Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Usikimbie asubuhi na kupanda basi mchana huohuo. Lala, kunywa maji, na ukiwa njiani shuka kila basi linaposimama.

Acha mazoezi na uende hospitali mara moja ukiona:

- pumzi inakata ghafla, au kifua kinachoma unapovuta hewa;
- unakohoa damu, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unazimia;
- mguu umevimba upya au maumivu yamerudi;
- choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au damu isiyokoma;
- maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida.

Unapokwenda kliniki, nenda na maswali manne: Donge langu lilikuwa wapi na lilisababishwa na nini? Nitumie dawa hadi lini? Naweza kuanza hatua ipi sasa? Nikikosa dawa, nimpigie nani? Usitoke chumbani kabla hujapata jibu la swali la mwisho. Mbio zipo kila mwaka, na ukikosa za msimu huu utakimbia za mwakani.