Kukosoa ni Kushonoa

Huku Bariadi tunakoshona, mteja akirudisha gauni tunamuuliza kasoro iko wapi. Akituonyesha, tunashonoa, tunashona upya. Ziba ina zibua, shona ina shonoa, na kosa ina kosoa. Ndiyo maana kukosoa ni pamoja na kusahihisha, si kutafuta makosa tu.

Siku hizi mtu anamwambia mwenzake mbele za watu, "Gauni limekupwaya!", anacheka, kisha anajiita mkosoaji. Amesahihisha nini? Hiyo ni kejeli, na Suratul Hujurat, aya ya 11, imeikataza. (Mawifi ndio tunawaonea zaidi, tuseme ukweli.) Ukiona mkono wa gauni la mwenzio umepinda, mvute pembeni umwambie, na sindano uwe nayo.