Ua la "moyo unaotoka damu": kabla hujatuma hela, soma hapa

Wiki hii kijana mmoja kanitumia picha ya ua la waridi lenye umbo la moyo, na tone jeupe linaning'inia chini yake. Anataka kuagiza mizizi yake nje, aoteshe na kuuza miche mjini. Hela ameshatenga. Nimemwambia asubiri kwanza, na nyie nawaambia hivyohivyo.

Ua lile kitaalamu ni Lamprocapnos spectabilis. Kwao ni Siberia, kaskazini mwa China, Korea na Japani. Joto likizidi, majani yanageuka njano na mmea unarudi kulala ardhini, na ili uchipue tena vizuri unahitaji miezi ya baridi kali. Sasa wewe uko Morogoro, baridi hiyo utaitoa wapi, kwenye friji? Mzizi unaweza kuchipua mara moja, ukatoa hata maua, mteja akafurahi. Halafu unapotea, na mteja naye anapotea. Hapo sijagusa kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea. Ukivikwepa, unaweza kuwaletea wenzako ugonjwa shambani.

Mimi nasema achana nalo. Kuna mmea mwingine ambao wazungu wanauita jina hilohilo, Clerodendrum thomsoniae, nao kwao ni Afrika Magharibi. Unatambaa, una vikombe vyeupe, na kila kikombe kinachomoza ua jekundu kama damu. Huu unapenda joto. Ukiwa Makete kwenye baridi, usiuhangaikie.

Uzuri wake kibiashara ni kuzalisha. Kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 kwenye tawi ambalo si teke wala halijakomaa sana. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye viriba vya mchanga na mboji, weka kivulini, funika kwa nailoni. Wengi wanaharibu hapa: wanamwagilia mpaka tope, vinaoza. Vikishika mizizi, funua kidogokidogo.

Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kwa hiyo pogoa baada ya kuchanua, na hayo uliyopogoa chagua vipandikizi vya awamu inayofuata. Unaona? Mbegu hununui tena.

Anza na mimea mama miwili mitatu, ipe kichanja, jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Na usiuze kiriba cha majani matupu, subiri kichanue. Watu wa maua wananunua kwa macho.

Yule kijana hajanijibu bado. Naomba tu hela iwe bado mfukoni mwake.