Kipaji cha Shy Bush kina Juni moja tu

Mtu aliyesoma Shinyanga Sekondari huwa hakutajii jina hilo. Atakwambia, "Mimi nimepita Shy Bush," halafu anakuangalia kama umeelewa. Kama hujaelewa, ameshajua wewe ni mgeni wa mkoa.

Shule za namna hii zina kitu ambacho klabu zetu zinakihangaikia kila dirisha la usajili. Kidato cha tano kinapangwa na Serikali. Huyu katoka Tarime, huyu Songea, yule Tanga, wote wanashuka stendi ya Shinyanga na matranka na magodoro yao. Wengi wana miaka 17 hadi 20. Wanalala bweni moja, wanakula ugali maharage pamoja, alfajiri wanakimbia mchakamchaka, jioni kabla ya prepo wapo uwanjani, vumbi tupu. Bweni kwa bweni, tahasusi kwa tahasusi. Wa sayansi wakifungwa na wa sanaa, usiku huo prepo haisomeki, ni kelele na kejeli mpaka taa zinazimwa. Kocha wa timu ya vijana angelipa mamilioni kupata kambi kama hiyo. Hapa ipo tayari, na chakula juu.

Sasa angalia kalenda. Kidato cha tano wanaripoti Julai, miaka mingine Agosti. UMISSETA inachezwa Juni, kwa hiyo wanafika imeshapita. Wanasubiri karibu mwaka mzima, Juni inakuja, aliyechaguliwa anacheza. Mei inayofuata ni mtihani wa kidato cha sita, na Juni wapo nyumbani au wameshaitwa JKT. Piga hesabu mwenyewe: katika miaka yake miwili pale, mwanafunzi huyo anapata UMISSETA moja tu. Akipata malaria wiki ya mchujo wa wilaya, imekula kwake.

Na hiyo moja tuishukuru. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa kabisa, na wapo waliomaliza shule bila kuvaa jezi ya mkoa hata siku moja.

Upande wa pili wa uzio kuna klabu. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi, ilipanda Ligi Kuu 2014 na kushuka 2019. Mwadui, timu ya wachimba almasi, ilipanda 2015, ikashuka 2021. Mwaka huohuo Geita Gold ikapanda, na msimu wake wa kwanza tu George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Ikacheza hadi Kombe la Shirikisho Afrika. 2024 nayo ikashuka. Timu tatu, hadithi moja: pesa ya mdhamini ikiwepo, linashushwa basi la wachezaji wa kukodi kutoka Dar, pesa ikikauka, basi linarudi na kila mtu wake. Kinachobaki ni jezi na madeni.

Geita ndiko kunakonishangaza zaidi. Geita Gold ni timu ya halmashauri. Shule za sekondari za Serikali ziko chini ya nani? Halmashauri hiyohiyo. Uwanja ambao timu ilichezea Ligi Kuu ni Nyankumbu, jina lilelile la sekondari ya wasichana iliyopo pale mjini. Ofisa elimu na bosi wa timu wanakaa kikao kimoja, wanakunywa chai moja, lakini mwanafunzi wa kidato cha tano anayepiga krosi vizuri hakuna anayemjua. Mabinti ndiyo usiseme. Soka la wanawake linakua nchi nzima, sisi tunalala jirani na shule nzima ya wasichana na hatuna habari.

Najua walimu wakuu watasema nini: matokeo. Wana haki, wao wanapimwa kwa ufaulu, si kwa mabao. Lakini vijana hawa wanacheza kila jioni hata bila ruhusa ya mtu, na wakali wao wanaruka uzio Jumamosi kwenda kucheza ndondo mtaani kwa elfu tano na soda. Mpira haujaondoka shuleni, ila umekosa msimamizi.

Ninachotaka hakina gharama ya kutisha. Kuanzia Septemba hadi Machi, Jumamosi mbili kwa mwezi, shule zenye kidato cha tano na sita za Shinyanga zicheze ligi yao pamoja na timu za vijana za Stand United na Mwadui. Geita wafanye yao na Geita Gold, ya wavulana na ya wasichana. Mtihani ni Mei, kwa hiyo kidato cha sita wanabaki na wiki za kutosha kujifungia na madaftari. Chama cha mkoa kilete waamuzi, halmashauri itoe dizeli ya basi. Migodi inachangia jamii kila mwaka, madarasa na madawati, jambo jema; mipira 30 na nyavu haziwezi kuushinda mgodi wa dhahabu.

Vijana wapya wakiripoti, Stand United wapeleke hata kocha mmoja Shy Bush akae pembeni ya uwanja jioni moja. Nauli ni ya bodaboda.