Njia Isiyo na Jina Haina Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa penye nia pana njia. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu huinukuu katika insha zao hata mahali isipostahili. Hata hivyo, liko swali ambalo methali yenyewe hailigusi, nalo ni hili: njia hiyo ikishapatikana, ni ya nani? Ni ya mwenye gari, ni ya mwenye baiskeli, au ni ya mtoto aendaye shuleni kwa miguu? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuitazama nchi ambayo huenda msomaji hakuitarajia, yaani Ufaransa, na hasa vijia vya changarawe vinavyokatiza mashamba ya mizabibu, ambako mtu aweza kuendesha baiskeli kwa saa nyingi asisikie honi hata moja.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Siandiki haya kuisifu divai wala kumshawishi yeyote aonje kilichokatazwa na dini yake. Zabibu tuwaachie wenyewe. Kinachonishughulisha hapa ni kijia kinachopita kando ya mzabibu, na sababu ya kijia hicho kuwa salama.

Usione vyaelea, vimeundwa. Vijia hivi havikuteremka kutoka mbinguni, wala havikuchongwa kwa ajili ya watalii. Asili yake ni tatu, na zote tatu zatokana na kazi.

Asili ya kwanza ni reli iliyokufa. Katika jimbo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, palikuwa na reli iliyounganisha Chalon-sur-Saône na Cluny, mji mdogo uliopata sifa kwa ajili ya abasia yake iliyoasisiwa mwaka 910. Treni zilikoma, vyuma na mataruma vikang'olewa, ukabaki ukanda mwembamba wa ardhi usio na kazi. Badala ya kuuacha umezwe na magugu au unyakuliwe na wenye tamaa, wakuu wa eneo hilo waliugeuza kuwa njia ya baiskeli na miguu. Mwaka 1997 sehemu ya kutoka Givry hadi Cluny, yapata kilomita 44, ilifunguliwa, ikawa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Na kwa kuwa treni haipendi mlima, njia yenyewe haina miinuko mikali. Mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka saba huipita bila kutweta. Baadaye iliendelezwa kuelekea Mâcon kupitia handaki la zamani la reli lenye urefu wa takriban mita 1,600, ambalo hufungwa majira ya baridi ili popo wapate kulala kwa amani. Hebu fikiri, msomaji: hata popo wana zamu yao katika njia hiyo.

Asili ya pili ni mfereji. Kusini mwa nchi, mfereji uitwao Canal du Midi, uliosimamiwa na Pierre-Paul Riquet na kujengwa kati ya 1666 na 1681, una urefu wa kilomita 240 hivi. Kando yake mlikuwa na kijia walimopita farasi waliokuwa wakiyavuta mashua. Farasi hawapo tena kazini, lakini kijia chao kingalipo, sehemu kubwa ikiwa ya udongo na changarawe, na baiskeli zimerithi nafasi yao kando ya mashamba ya mizabibu ya Languedoc.

Asili ya tatu, na ndiyo iliyonivutia zaidi, ni vijia vya wakulima wenyewe. Kusini mwa mji wa Beaune, kupitia vijiji vya Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet hadi Santenay, mashamba yamegawanywa vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kina jina lake. Vipande hivyo huitwa climats. Katika Kifaransa cha kila siku neno hilo lamaanisha hali ya hewa, lakini katika kinywa cha mkulima wa Bourgogne ni kipande cha ardhi chenye mipaka, jina na historia. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliorodhesha vipande 1,247 vya aina hiyo kuwa urithi wa dunia. Sasa, maadamu kila kipande kinahitaji kufikiwa na mpogoaji, mpaliliaji na mvunaji, pamezuka wavu mzima wa vijia vyeupe vya mawe ya chokaa, vinavyopanda na kushuka baina ya kuta fupi za mawe.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nchini humo kwa kongamano la wanaisimu, nilikodi baiskeli Beaune nikaifuata njia hiyo hadi Santenay. Ulikuwa mwezi wa Septemba, wakati wa mavuno. Changarawe ina adabu yake: hudai tairi pana zisizojazwa upepo kupita kiasi, na humlazimisha mwendeshaji apunguze mbio aangalie mbele ya gurudumu lake. Mara kwa mara nilikutana na matrekta marefu ya ajabu, yaliyoundwa kupita juu ya safu ya mizabibu huku magurudumu yakikanyaga kushoto na kulia kwake. Kila lilipotokea, waendeshaji baiskeli wote walishuka na kusimama kando, bila kuamrishwa na askari. Dereva aliinua mkono, nasi tukainua yetu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni asiyepewa jembe angalau ampishe mwenye jembe.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuziita njia hizo kuwa hazina magari si kweli tupu. Zina magari, lakini ni ya wenye kazi pale. Kilichoondolewa ni mpita njia mwenye haraka, yule anayelichukua shamba la mwenzake kuwa mkato wa kufikia shughuli zake. Kwa maneno mengine, usalama wa njia hizo hautokani na utupu, bali na mpangilio: kila mtumiaji ajua nani ametangulia na nani amekaribishwa.

Ajabu ni kwamba njia hizi, zilizokuwa zikidharauliwa kwa vumbi lake, sasa zinatafutwa na mabingwa. Tangu mwaka 2018 mashindano ya kale ya Paris-Tours yamekuwa yakipitishwa katika vijia vya mizabibu karibu na Vouvray. Mnamo Julai 2024, Tour de France yenyewe ilitenga siku nzima kuzunguka Troyes, katika eneo la Champagne, ambamo waendeshaji walipita sehemu 14 za barabara nyeupe za changarawe, jumla yake kilomita 32. Waama, jiwe walilolikataa waashi limekuwa jiwe kuu la pembeni.

Mimi ni mtu wa lugha, na msomaji atanisamehe nikiitazama njia kwa jicho la lugha. Kifaransa kina maneno matatu yanayokaribiana. Chemin ni kijia cha kawaida, na neno lenyewe latokana na lugha ya Wagalia, waliokaa nchini humo kabla ya Warumi. Voie ni njia, kutoka Kilatini via. Route ni barabara, na asili yake ni Kilatini pia, rupta, yaani iliyovunjwa. Njia iliyopasuliwa kwa nguvu ipite. Wafaransa walipotaka kuzitambua njia zao mpya hawakuishia kupanda miti na kupaka rangi. Mwaka 2004 waliingiza katika sheria ya barabara istilahi voie verte, njia ya kijani, na kuieleza kuwa ni njia iliyotengewa vyombo visivyo na injini, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Kibao chake ni cha buluu, nacho kina picha za hao watatu. Njia ya 1997 ilikuwa imetangulia. Sheria ikaja kuipa jina na kinga. Tangu hapo, anayeingiza gari humo hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Nasi je? Kiswahili kina njia na kina barabara. Njia ni neno la kale la Kibantu. Mgikuyu husema njĩra, na Mkamba nzĩa. Katika matumizi yetu ya leo, barabara ndiyo yenye mkandarasi, bajeti na utepe wa kukatwa na waheshimiwa. Njia ni ile iliyofunguliwa na nyayo. Na kwa kuwa haina jina katika makaratasi, haina mwenyewe. Siku barabara inapotanuliwa, njia humezwa, na pamoja nayo nafasi ya mtoto wa shule.

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera kuhusu usafiri usiotumia injini. Ilikuwa hatua njema, nami siibezi. Lakini litazame jina hilo. Mtembea kwa miguu ametajwa kwa kile asichokuwa nacho, kana kwamba injini ndiyo hali ya kawaida ya binadamu na miguu ni upungufu. Jamii humpangia mtu kulingana na inavyomwita. Barabara ya Thika ilipofunguliwa baada ya kupanuliwa mwaka 2012, ilikuwa na vijia vya miguu na baiskeli. Anayepita huko leo ashuhudia mwenyewe ni mara ngapi pikipiki na vibanda vya biashara vimejitwalia nafasi hiyo. Saruji ilimwagwa, lakini mwenye njia hakutajwa kwa namna ambayo jirani yake angemheshimu. Matokeo ya kutotajwa huko si mzaha, kwani waendao kwa miguu wamekuwa kwa miaka mingi kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaofariki katika barabara zetu.

Najua yuko atakayesema, "Mwalimu, hao ni matajiri, nasi hata madarasa hayatutoshi." Hoja hiyo yastahili jibu. Sidai kwamba njia hizo hazikugharimu kitu. Nasema kwamba reli ilikuwapo, kijia cha farasi kilikuwapo, na njia ya mkulima ilikuwapo. Kilichoongezwa kwanza ni uamuzi, kisha jina, kisha kibao, na fedha zikafuata. Changarawe nayo si dhahabu. Mashamba ya chai ya Kericho na ya kahawa ya Kiambu yana barabara zake za kazi, na wanafunzi wetu huzipita kila asubuhi wakiwa na vitabu mkononi.

Mwingine atasema kwamba kule baiskeli ni burudani, na huku ni shida. Ndiyo, tena hiyo ni sababu ya kufanya zaidi, si kidogo. Ikiwa taifa laweza kumlinda mtalii anayetembea kwa raha zake, basi ni lazima kubwa zaidi kumlinda mvulana anayembeba nduguye nyuma ya baiskeli ili wote wawahi kengele.

Ninatoa rai kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Katika somo la jiografia, chora ramani ya njia zote zinazofika shuleni kwako, zikiwamo zile ambazo hazimo katika ramani ya serikali. Hesabu wanaozipita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Kisha, katika somo la Kiswahili, zipe majina. Si majina ya wanasiasa, bali majina yanayosema ni za nani na zatoka wapi. Kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, peleka ramani hiyo, udai kibao na mpaka. Afisa aweza kulipuuza lalamiko la jumla kuhusu hali ya barabara. Ni vigumu zaidi kuipuuza njia yenye jina, yenye kilomita zilizopimwa na watoto waliohesabiwa.