Aliyeumwa na Nyoka wa Mtini Asirudishwe Nyumbani Siku Ileile



Embe zikiiva, watoto hupanda miti. Huko juu wamo nyoka. Wazee wangu, ninyi mnawajua nyoka kuliko mimi kijana. Lakini liko jambo moja ambalo naona hatulitilii maanani, nalo linaua.

Kila kabila lina majina yake ya nyoka, kwa hiyo nitawaeleza kwa sura. Yuko nyoka mwembamba wa kijani anayependa kukaa karibu na maji na kula vyura. Huyo hana sumu. Yuko mwingine wa kijani, mrefu kama mita 2, anayekaa kwenye miembe na mikorosho huko pwani. Sumu yake huzuia pumzi. Huyo watu wanamwogopa, na mtu akiumwa naye hukimbizwa hospitali mara moja. Ni vizuri.

Ninaotaka kuwasema leo ni wale wanaodharauliwa. Wa kwanza ana macho makubwa sana. Dume mara nyingi ni wa kijani, jike ni wa kahawia. Hula vinyonga, ndege na mayai. Ukimtisha huvimbisha shingo. Vitabuni huitwa boomslang, neno la Makaburu lenye maana ya nyoka wa mti. Wa pili anafanana kabisa na kijiti kikavu. Hutulia juu ya tawi, nawe unaweza kupita karibu naye usimwone.

Nyoka hawa wawili meno yao ya sumu yako nyuma, chini ya macho. Ndiyo maana wengine husema hawana sumu. Si kweli. Sumu yao huharibu damu, damu ikashindwa kuganda. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Maumivu huweza kuwa kidogo. Saa nyingi hupita, hata siku nzima, na mgonjwa anazungumza na kula. Halafu fizi zinatoka damu, pua inatoka damu, mkojo unakuwa mwekundu. Damu ikivujia ndani ya kichwa, mtu hufa.

Mwaka 1957, mjini Chicago, Marekani, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa kidole gumba na boomslang mdogo. Hakwenda hospitali. Kesho yake asubuhi alikula na kunywa kahawa, akajiona nafuu. Alasiri alikufa. Ikiwa mtaalamu alidanganyika, sisi je?

Kwa hiyo nasema: aliyeumwa na nyoka wa mtini asiambiwe "huna kitu, nenda nyumbani." Akae zahanati, atazamwe usiku na mchana. Najua vitanda ni vichache. Hata mkeka barazani unatosha.

Tena kipo kipimo ambacho hakihitaji mashine. Damu kidogo ya mgonjwa hutiwa katika kichupa cha kioo, kisafi na kikavu. Kisiwe cha plastiki. Kinaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha kinalazwa. Damu ikitiririka kama maji, haigandi, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Ikiganda, kipimo kirudiwe baadaye, maana cha kwanza huweza kuwa kizuri na cha pili kibaya. Ndugu wa mgonjwa, msione haya kuuliza: "Mganga, mmepima kuganda kwa damu?"

Msimchanje. Mtu ambaye damu yake haigandi, wembe humwongezea njia za kutokea damu. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Kamba ya kukaza huweza kuua mguu. Mlazeni, mfungieni kijiti kiungo kilichoumwa kisicheze, mvueni pete na bangili, mbebeni. Dawa ya aspirini asipewe, kwa kuwa nayo huzidisha kutoka damu.

Nyoka msimfukuze. Wengi walioumwa na nyoka hawa walikuwa wakimshika au wakitaka kumkamata. Inatosha kueleza alivyokuwa: macho yake, rangi yake, na alikuwa juu ya mti gani.

Dawa ya sumu ya boomslang hutengenezwa Afrika Kusini na ni adimu. Ya yule wa kijiti haipo. Hospitalini mgonjwa huenda akahitaji kuongezewa damu. Basi mnapomsindikiza, waje na ndugu wawili au watatu wenye afya, walio tayari kutoa damu.