Unataka kuanza kurekebisha picha? Anza na kanzu na buibui

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu tuzungumze picha. Vijana wengi hapa Malindi na kule Kilifi mjini wakishajua kwamba nimesomea sayansi ya kompyuta, swali lao ni moja: "Nitapata wapi Photoshop ya bure?" Mimi naona hilo ni swali la tatu au la nne. Anayeanza nalo huishia kuwa na programu kubwa asiyojua kuitumia, na kompyuta iliyojaa virusi.

Nianze na hivyo virusi. Tangu mwaka 2013 Adobe haiuzi tena matoleo mapya ya Photoshop kamili kwa malipo ya mara moja. Unalipia kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa mtu anayeanza, hizo ni pesa nyingi, kwa hiyo inazunguka nakala ya wizi kutoka flashi hadi flashi. Mara nyingi maelezo yake husema: zima kwanza programu ya kuzuia virusi, halafu endesha faili hili. Ndugu yangu, mtu usiyemjua akikuambia ufukuze mbwa na uache mlango wazi usiku, utakubali? Na kwenye kompyuta hiyo hiyo ndiko ziliko picha za harusi za watu.

Pakua GIMP. Ni programu huria, haina malipo, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Watakuambia si sawa na Photoshop. Ni kweli, hazifanani kila kitu. Lakini mambo matatu ninayotaka ujifunze mwanzo yako kwenye zote mbili, na ukihama kesho utahama nayo.

Jambo la kwanza ni kuisoma histogramu. Huo ni mchoro wenye vilima unaoonyesha picha yako ina pikseli ngapi za giza na ngapi za mwanga. Kushoto kabisa ni 0, yaani nyeusi tupu. Kulia kabisa ni 255, nyeupe tupu. Sisi watu wa pwani tunauhitaji mchoro huu kuliko wengi. Fikiria harusi ya hapa kwetu saa saba mchana: kanzu nyeupe, buibui jeusi, jua la utosi, na sura za watu zimo katikati ya hayo yote. Kwa kawaida kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Ikiona kanzu nyingi, hupunguza mwanga: kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zinazama gizani. Ikiona mabuibui mengi, huongeza mwanga: meusi yanapauka na nyuso zinapauka nayo. Simu za siku hizi zimejaliwa kutambua nyuso, lakini bado hukosea.

Sasa fungua menyu ya rangi, uchague kifaa cha viwango. Skrini itakuandikia Levels. Kuna vishale vitatu chini ya histogramu. Cha kulia kinaamua nyeupe iwe wapi, cha kushoto nyeusi, na cha katikati ndicho cha nyuso: kisogeze kushoto kidogo, uone sura zikifunguka. Lakini angalia kanzu. Ikifika 255 yote, mikunjo na darizi zimepotea, na mwanga hauwezi kurudisha kilichokwisha kufutika.

Ndipo linakuja jambo la pili, leya na maski. Nakili leya ya picha. Iongezee mwanga ile ya juu mpaka sura ipendeze, bila kujali kanzu. Halafu iwekee maski nyeusi, ambayo itaificha yote. Chukua brashi laini yenye rangi nyeupe upake usoni tu. Uso unapata mwanga, kanzu inabaki na darizi yake.

La tatu ni kutunza picha ya asili. Usiiguse, fanyia kazi nakala. Hifadhi kwa XCF, inayobakiza leya zako, na utoe JPEG mwisho wa kazi, maana JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya. Na mteja akikutumia picha kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu ile hubanwa njiani.

Mbona sijataja kung'arisha ngozi? Kwa sababu hapo ndipo wengi huanza, na hapo ndipo ninapogombana nao. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa na kadi za kupimia rangi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Maabara zilipima rangi kwa ngozi yake, na weusi tukatoka tulivyotoka. Leo kipimo kiko mkononi mwako, nawe unambadilisha bibi harusi wa Takaungu mpaka mama yake aulize huyu ni nani?

Utaniambia mteja ni mfalme. Sawa, mwondolee chunusi, itapona wiki ijayo hata hivyo. Lakini mwanga na weupe ni vitu viwili tofauti. Mpe mwanga wa kutosha uone kama bado atauomba weupe. Ni kama bahari yetu wakati wa mvua, Sabaki ikishusha udongo na maji ya Malindi yakageuka ya kahawia. Ukiyapaka buluu kwenye tangazo la hoteli, mgeni atafika na macho yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ni viwango, ya pili ni leya na maski, na vichujio vingoje. Tafuta picha moja yenye kanzu na buibui, uifanyie kazi mpaka vyote viwili vionekane na mwenye sura ajitambue. Kazi kwenu.