Wageni Wakiondoka, Nani Anabaki?



Baadhi yenu mmetuuliza: kikundi cha kanisa kinapokwenda kuhudumia watu wa mbali, kichukue nini? Mwezi huu tutajibu kwa safari moja. Kanisa tunaloabudu hapa Marekani lilitutuma kwa juma moja katika kijiji cha Wamaya, kwenye milima ya Chimaltenango nchini Guatemala. Tulikuwa wauguzi wawili, daktari mmoja na waumini sita.

Wamaya ni wenyeji wa nchi ile tangu kale, na lugha zao ni zaidi ya 20. Pale tulipofika husemwa Kaqchikel. Mgonjwa alieleza kwa lugha yake, kijana wa kijiji akatafsiri kwa Kihispania, na mwenzetu akatugeuzia kwa Kiingereza. Tulijifunza kuuliza kwa maneno machache na kusikiliza kwa subira.

Mengi yalitukumbusha nyumbani. Mama hubeba mtoto mgongoni kwa nguo iliyofumwa kwa mkono, kama sisi na khanga. Wengi hupikia kwenye mafiga matatu. Mahindi ndiyo chakula chenyewe, nao huyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa ile huongeza kalsiamu katika chakula na kuifungua vitamini ikingayo ugonjwa wa pelagra. Hekima hiyo ni ya bibi zao.

Lakini pia wamebeba huzuni. Vita vya ndani vilidumu tangu 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli ya mwaka 1999 ilikadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walitoweka, wengi wao Wamaya. Basi wakimtazama mgeni kwa muda kabla ya kumkaribisha, tusishangae.

Siku ya kliniki foleni ilianza alfajiri. Tuliona migongo iliyochoka kwa kubeba kuni, kikohozi cha moshi, na watoto wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe. Ndipo akaja bibi mmoja mwenye presha ya 180 kwa 110. Alifungua kopo la maziwa, akatuonyesha vidonge vya aina tatu alivyopewa na vikundi vitatu vya wageni, miaka mbalimbali. Hakuna aina iliyomtosha zaidi ya mwezi mmoja. Alikuwa akimeza kimoja kila kichwa kinapomwuma.

Akina mama, dawa ya presha ni ya kila siku, hata kama huumwi. Vidonge vya mwezi mmoja visivyo na mwezi wa pili havimlindi mtu. Tungeweza kumwongezea aina ya nne, tukapiga picha, tukaondoka.

Aliyetusaidia ni mama wa pale pale, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa na daftari lenye majina ya wazee na wajawazito wote wa kijiji. Alimjua bibi yule, alijua kituo cha afya cha serikali kinachotoa dawa hizo, na alijua kikwazo chenyewe ni nauli ya mabasi mawili. Tulimwuliza fedha zetu zilizobaki zifanye nini. Hakuomba dawa. Aliomba mashine ya kupimia presha, nauli za wagonjwa wake, na majiko yenye dohani kwa nyumba zenye watoto wachanga.

Wahudumu wa namna hiyo wana historia Chimaltenango. Mwaka 1962 daktari Mmarekani, Carroll Behrhorst, alifungua kliniki huko, akawafundisha Wamaya wenyewe kuwatibu majirani zao. Alipoyapanga mahitaji ya watu, aliweka udhalimu na uhaba wa ardhi juu kabisa, na matibabu mwishoni. Wengine kati ya wahudumu wale waliuawa wakati wa vita.

Na ombi la majiko lilikuwa la busara. Utafiti uliofanywa katika milima ya San Marcos, katika nyumba zaidi ya 500, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa jiko la dohani lilipunguza kwa nusu hivi hewa ya sumu waliyoivuta watoto. Homa kali ya mapafu nayo ilipungua.

Kwa hiyo, kikundi chenu kikijiandaa, zingatieni haya:

1. Andikeni kwanza kwa wenyeji mkawaulize wanahitaji nini. Msifunge mizigo kabla ya jibu.

2. Msimwanzishie mtu dawa ya kudumu kama hamjajua ataipata wapi mwezi ujao.

3. Fanyeni kazi chini ya mhudumu wa kijiji na mkunga wa jadi, mbele ya watu, ili heshima yao ikue.

4. Andikeni kila mlichotoa katika daftari la kijiji.

5. Tengeni sehemu ya nauli yenu kwa kazi itakayoendelea baada yenu.

Someni pamoja 1 Wakorintho 3:5–9. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Mgeni hupanda kwa juma moja. Yule mama wa daftari hutia maji mwaka mzima, kwa miguu yake mwenyewe. Mkiomba kwa ajili ya misheni, mtajeni na yeye.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.